Suruali Yangu Sasa Ni Mto

Jamani, nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokufa. Kikivunjika, kinapewa uhamisho.

Leo asubuhi natafuta mswaki, naukuta sakafuni bafuni, umeajiriwa kusugua mistari ya vigae. "Ule ulishachoka," anasema mama watoto, "mpya uko kwenye kopo." Kopo lenyewe lina matundu matatu chini, maana lilianza kazi kama chungu cha ua, na ua bila pa kutolea maji mizizi inaoza. Ua likahama, matundu yakabaki. Sasa mswaki unachuruzika hadi kwenye rafu, na chini ya rafu kuna kifuniko cha ndoo kinachokinga. Nacho eti kina kazi.

Tairi je? Lile la sebuleni lililovishwa kamba sikatai, kiti kizuri. Kamba imegandishwa kwa gundi duru kwa duru, kuanzia katikati kwenda nje, na aliyeshika ncha wiki nzima ni mimi. Tatizo ni lile lililobaki uani likisubiri zamu. Mvua ikalijaza, na haikupita wiki moja na ushee mbu wakawa wameshazaliwa, wamekua na wanajua chumba chetu kilipo. Nikaliinamisha nimwage maji. Nusu yakaniishia miguuni, nusu yakahamia upande wa pili wa tairi, yakatulia. Kumbe dawa yake ni kulitoboa.

Kwenye matambara ndiko nilikoaibika. Fulana za pamba zikichakaa zinakatwa, zinafutia. Nami nikatoa yangu ya poliesta, najiona mchangiaji. Akaipitisha kwenye maji yaliyomwagika mezani. Maji yakasogea tu pembeni kama yamepishwa njia. Akanirudishia. "Hii endelea kuvaa." Yaani fulana iliyofeli utambara ndiyo naenda nayo kazini!

Siku moja na mimi nikajitia fundi. Nikachukua chupa ya maji, hizi zenye namba 1 ndani ya pembetatu kitakoni, niikate iwe ya kuwekea kalamu. Kwanza nikaiosha kwa maji yaliyotoka kuchemka. Plastiki ile haitaki moto, hata nyuzi 80 haivumilii. Ikajikunja taratibu mbele yangu kama mzee anayetafuta pa kukaa. Nainua mkono nikaitupe, mama watoto akaudaka. "Hapohapo! Usiinyooshe." Ipo sebuleni, imewekwa ua, na wageni wanauliza tuliinunua wapi.

Lakini la suruali limenikaa rohoni. Jinzi ilichanika goti jioni. Kesho yake narudi, imekuwa mto: miguu imekatwa, sehemu ya kiunoni imeshindiliwa soksi zilizofiwa na wenzi wao, imeshonwa juu na chini. Mto wa maana. Ila ukiukalia, kuna kitu kinachoma upande wa kulia. Nikahama kiti, nikarudi, kinachoma. Nikawaza: kulia... mfuko wa mbele... ufunguo wa kabati!

Nikaomba wembe nifumue kidogo tu, upande mmoja. Mama watoto akauchukua mto, akauminya, akaupigapiga, akautazama ulivyokaa.

"Baba watoto, uzi wote huu? Kachongeshe ufunguo mwingine."