Deni linalongoja na deni lisilongoja

Daftari la mikopo la duka la mtaani kwetu, Jang'ombe, mjini Unguja, hukaa chini ya mzani, limefungwa kwa mpira. Mwenye duka ni Mpemba. Siku moja alinifungulia ukurasa, jina kalifunika kwa kiganja: mchele kilo mbili, mafuta robo, sukari nusu, unga wa ngano kilo, sabuni mche mmoja. Siku ya pili yake, mchele kilo mbili tena. Ulikuwa mwezi wa Aprili, na mwenye ukurasa ule ni mhudumu wa hoteli moja huko Kiwengwa, karudishwa nyumbani mpaka wageni warudi.

Hapo hapo barazani, suala la madeni lina kambi mbili. Wazee wanasema watu wa leo hawajui kujikuna wanapojipata. Vijana wanajibu kuwa mkono ni ule ule, kinachowasha ndicho kimeongezeka.

Wazee wana ushahidi. Arusi iliyokuwa ikimalizwa kwa jamvi uani na masufuria ya kuazima kwa jirani, leo inataka ukumbi, sare za kila upande na mpiga video. Kukopa arusi kulipa matanga ni methali ya mafumbo, lakini sisi tumeichukua kama ilivyo. Mtumishi wa umma naye hukopesheka kwa urahisi, kwa kuwa makato yanatoka kwenye mshahara kabla hajaugusa. Mwalimu mmoja wa skuli alinionesha karatasi yake ya mshahara: kinachomfikia mkononi hakifiki nusu. Nilipomuuliza mkopo ulikwenda wapi, akasema nusu arusi ya binti yake, nusu tofali na bati za nyumba anayojenga Fuoni. Ile nusu ya kwanza nitawapa wazee. Ya pili siwapi, maana mtu wa mshahara asipojenga kwa mkopo atajenga kwa nini?

Kwa upande wa vijana kuna hesabu. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara serikalini Zanzibar kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000. Gawa kwa siku 30, hupati hata 11,600 kwa siku, na humo mna chakula, nauli ya daladala, umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla ya kutumia, na tuisheni ya watoto. Mchele mwingi tunaokula, na ngano yote, vinakuja kwa meli. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano na mafuta mwaka huo huo wa 2022, chapati ya Mwanakwerekwe ilijua kabla ya gazeti. Na familia nyingi ziliingia humo hazina akiba, kwani mwaka 2020, ndege za watalii ziliposita kwa sababu ya korona, dhahabu za kina mama ziliuzwa Darajani. Bangili ndiyo iliyokuwa benki ya nyumba, na benki hiyo wengi hawajaifungua tena.

Hata hivyo naona kambi zote mbili zinatazama kiasi cha pesa, na kalenda yake wanaiacha. Visiwa hivi vinaishi kwa misimu. Pemba wanangoja karafuu, na mkarafuu una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kususa mwaka unaofuata. Unguja wanangoja watalii, ambao hupungua masika. Deni la zamani liliijua kalenda hiyo. Mwenye duka aliandika, akangoja msimu. Si kwamba lilikuwa deni la huruma: bei ya karafuu ilipoanguka miaka ya 1930, wenye mashamba walikuwa wamezama kwa wafanyabiashara waliowakopesha, hata serikali ya kikoloni ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia mashamba yasichukuliwe. Ubishi wa wakati ule ulikuwa huu huu wetu: ni israfu ya mkopaji au ni bei ya soko?

Deni jipya halina msimu. Mkopo wa simu unaingia kabla hujamaliza kufikiri, na ukitumiwa pesa yoyote unajikata wenyewe. Nami nimeonja. Nilichukua kidogo kumpeleka mtoto spitali, na shemeji aliponitumia nauli ya kwenda msibani, ikamezwa njiani. Hao wa kampuni za simu angalau wana leseni. Mikopo ya kausha damu, inayolipwa kwa wiki au kwa siku, ni balaa nyengine. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila ya idhini, baada ya malalamiko ya watu kudhalilishwa na siri zao kuanikwa.

Wakopeshaji nao wana hoja: mama muuza urojo asiye na hati ya nyumba wala karatasi ya mshahara, nani mwengine angempa shilingi 50,000 saa mbili usiku? Vikundi vya kuweka na kukopa vinafanya kazi nzuri, lakini vina siku yao ya kukutana, na maradhi hayangoji siku hiyo. Na kwa watu ambao riba kwao ni haramu, kuikubali si jambo dogo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe. Aya mbili kabla yake inataka mdaiwa mwenye dhiki angojewe. Daftari la Mpemba linatimiza yote mawili. Simu inaandika tu.

Kwa hiyo ningeanza na miezi ya masika kabla ya kuhubiri arusi: mkopo wa mfanyakazi wa hoteli usidaiwe miezi asiyolipwa, na mwajiri atenge sehemu ya mapato ya Julai na Agosti kwa ajili ya Aprili. Mwenye hoteli atasema chumba kitupu hakilipi mshahara, na anasema kweli. Lakini kwa sasa anayeulipa mshahara huo wa masika ni mwenye duka wa Jang'ombe, kwa mchele ambao yeye mwenyewe ameuchukua kwa mkopo kwa muuza jumla.