Wataka za Nini?

Mwaka juzi niliiandikia manispaa ya mji wetu, kusini kidogo ya Seattle, barua pepe ya mistari minne. Nilitaka barua zote ambazo wahandisi wao walikuwa wameandikiana kuhusu kivuko kilicho karibu na shule ya wanangu, pale magari yanapopita kama yanafukuzwa. Sikueleza mimi ni nani, wala kwamba bado si raia wa huku. Hakuna aliyeuliza.

Kwa sheria ya jimbo la Washington, ukiomba nyaraka za serikali, ofisi ina siku 5 za kazi za kukujibu, na hairuhusiwi kukuuliza wazitaka za nini, isipokuwa ukitaka orodha za majina kwa biashara. Kuzisoma nyaraka ni bure. Ukitaka nakala, senti 15 kwa ukurasa. Wakikunyima bila haki, mahakama yaweza kuwatoza hadi dola 100 kwa kila siku ya kukunyima. Sheria hii wananchi waliipitisha wenyewe kwa kura mwaka 1972.

Msije mkadhani nimefika peponi. Siku ya tano nililetewa jibu: tumepokea, subiri miezi miwili. Miwili ikawa minne, na kurasa nyingine zikaja zimepakwa wino mweusi. Mwaka 2018 wabunge wa jimbo walijaribu kujichomoa kwenye sheria hiyohiyo. Mswada wao ulipita siku mbili tu baada ya kuletwa, hadi simu na barua za wananchi zikamfurika Gavana Jay Inslee, naye akakataa kuutia sahihi. Nao jimbo la Virginia huweza kumnyima faili asiye mkaazi wao, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2013 kwamba wana ruhusa.

Lakini nyaraka nilizipata. Kumbe mhandisi mmoja alikuwa ameomba taa za kivuko miaka mitatu nyuma, pesa zikahamishiwa kwingine. Niliyasoma hayo kwa sauti mbele ya baraza la mji. Taa bado, ila hakuna tena anayesema hakujua.

Sasa nyumbani. Kinachoniuma ni kwamba Kenya sheria tunayo, na ni nzuri. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa za serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21, au saa 48 kama uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, ofisa amwandikie. Tena inasema waziwazi kuwa sababu yako ya kuomba haipunguzi haki yako. Yaani swali lile la "wataka za nini" halina kazi kwetu pia, kwenye karatasi.

Kakangu alikwenda kwenye ofisi moja kuuliza pesa za mtaro wa mtaani kwetu, ule unaofurika kila masika. Swali la kwanza: "Umetumwa na nani?" La pili: "Wewe ni wa chama gani?" Kisha njoo kesho, na kesho haikufika. Si ajabu. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo ilibidi waende Mahakama Kuu ya Mombasa kudai mikataba ya reli ya SGR, nao ni watu wenye majina. Walishinda mwaka 2022. Kakangu ana kibanda cha kuchomelea vyuma.

Nasi tuna letu. Tunajua kulalamika barazani mpaka kahawa iishe, ila kuandika barua, ikagongwa muhuri na ukabaki na nakala, tunaona ni kujitafutia maneno. Mimi nilikuwa hivyo hivyo nilipokuwa huko.

Mwezi uliopita tuliiandika pamoja kwa simu, ukurasa mmoja wa Kiswahili, tukataja sheria na zile siku 21. Akaipeleka, ikagongwa muhuri. Siku ya kumi na tano akapigiwa simu. Nilifurahi, nikadhani nyaraka ziko tayari.

"Huyu ndugu yako wa Marekani," ofisa alimuuliza, "anataka kugombea nini?"