Gati lianze na ngazi, kofia ngumu baadaye

Fedha kidogo za usalama zikipatikana kwenye gati la wavuvi kijijini, mara nyingi huishia kwenye bango na kofia ngumu. Mimi ningeanza na ngazi.

Anayeanguka kati ya chombo na ukuta wa gati hana pa kushika. Ukuta una mwani na chaza wanaochana viganja, nguo zimelowa, na maji yakikupwa ukingo unabaki juu sana. Ngazi nyingi hupimwa maji yakiwa yamejaa, basi siku ya bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, kipandio cha mwisho huning'inia hewani. Ipimwe maji yanapokupwa kabisa wakati wa bamvua, kisha ishuke mita moja zaidi, mguu upate pa kukanyaga majini. Juu iwe na vishikio vinavyopita ukingo, maana wengi huteleza pale pale wanapovuka. Kando litundikwe boya lenye kamba ya mita 30 ya polipropilini, ambayo huelea, nailoni huzama. Na lisifungiwe kwa kufuli, jamani. Likiibwa hununuliwa jingine.

Sakafu isuguliwe kwa sabuni na brashi ngumu kabla utandu wa samaki haujakauka. Kumwagia maji ya bahari tu hakuondoi mafuta.

Hatari inayodharauliwa kuliko zote iko ngamani, yaani chumba cha chini cha chombo kinachowekwa samaki. Samaki wakioza kwenye ngama iliyofungwa, oksijeni hupungua na gesi ya hidrojeni salfaidi hujikusanya. Mwanzoni hunuka kama yai viza. Ikizidi, pua huacha kuihisi na mtu hudhani imekwisha. Mpakuaji anaanguka, mwenzake anashuka mbio kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Kwa hiyo kifuniko kifunguliwe mapema, feni isukume hewa safi kwa bomba linalofika chini, hewa ipimwe kwa kifaa, na anayeshuka avae mkanda wenye kamba ili avutwe kutoka juu.

Mkataba Na. 188 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2007 haumsaidii mpakuaji huyu: tafsiri yake ya "mvuvi" inawaacha nje watu wa nchi kavu wanaofanya kazi chomboni. Sheria ya nchi nayo ikinyamaza, kamati ya gati imteue mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha upakuaji hadi hewa ipimwe. Alipwe kwa siku. Akilipwa kwa kilo zilizopakuliwa, hatasimamisha chochote.