Jimbo la Pozzuoli: je, siku saba za Paulo zinatosha?

Wanaoshikilia kwamba Jimbo Katoliki la Pozzuoli, magharibi ya Napoli, lina asili ya kitume, yaani lilianzia enzi za mitume, wana hoja moja nzito. Katika Matendo ya Mitume 28:13-14, merikebu ya Aleksandria inatoka Regio kwa upepo wa kusi, siku ya pili inatia nanga Puteoli, ndiyo Pozzuoli ya leo, na Paulo anakutana na ndugu, yaani Wakristo, wanaomsihi akae nao siku saba. Huo ni mwaka 60 au 61 hivi. Ndugu hao hakuwabatiza yeye, aliwakuta. Wala si ajabu. Ngano ya Misri iliyolisha Roma ilishushwa hapo, na Flavius Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anawataja Wayahudi wa mji huo, akiuita kwa jina lake la Kigiriki, Dikearkia. Palipo na bandari, mabaharia na sinagogi, Injili ilipata pa kufikia mapema.

Tatizo linaanza pale “ndugu” wanapogeuzwa kuwa “jimbo”. Jimbo linahitaji askofu, na askofu wa kwanza anayetajwa na mapokeo ni Patroba, yule anayesalimiwa katika Warumi 16:14. Usome tena mstari huo: salamu zinakwenda Roma, mnamo mwaka 57 hivi, si Puteoli. Kinachomleta Patroba Puteoli ni orodha za Kigiriki za wale wanafunzi 70 waliotumwa na Yesu, zilizotungwa baadaye sana, ambazo karibu kila jina hulipatia mji wake wa uaskofu. Kwangu mimi huo si ushahidi.

Habari za mashahidi (wafiadini) wa mwaka 305, waliokatwa vichwa Solfatara, kreta ya volkano karibu na Puteoli, zinahitaji uangalifu zaidi. Januarius ni askofu wa Benevento, Sossius ni shemasi wa Misenum, Proculus ni shemasi wa Puteoli. Wenye shaka huuliza: mbona askofu wa Puteoli mwenyewe hatajwi? Swali zuri, ila lina makali pande zote mbili, kwa kuwa shemasi ni mhudumu wa askofu. Ukimkubali Proculus, umekubali kwamba alikuwepo wa kumweka wakfu. Udhaifu wenyewe uko kwingine: simulizi tulilonalo liliandikwa karne kadhaa baada ya tukio.

Hati ya kutegemewa inatoka mahali pasipopendeza. Mwaka 378 sinodi ya Roma, chini ya Papa Damaso, ilimwandikia Kaisari Gratian kumlalamikia Florentius wa Puteoli: alihukumiwa, akavuliwa uaskofu, kisha akarudi mjini na kulishika kanisa kwa fujo. Mtu havuliwi kiti kisichokuwepo. Kwa hiyo kabla ya 378 kiti kilikuwepo, na kilikuwa na thamani ya kugombewa.

Wengine huelekeza kidole kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Proculus, katika Rione Terra, mtaa wa kale wa Pozzuoli. Moto wa Mei 1964 uliteketeza sehemu kubwa ya mapambo ya kibaroko (mtindo wa karne ya 17), na nyuma ya kuta zikatokeza nguzo za marumaru za hekalu la Kirumi la enzi za Kaisari Augusto. Zinavutia kweli, na tangu 2014 waumini husali tena katikati yake. Lakini nguzo hizo zilisimamishwa kwa ajili ya ibada ya kipagani. Kuhusu Wakristo wa Puteoli wa karne ya kwanza hazisemi lolote. Tunabaki na ile mistari miwili ya Matendo.