Ushirazi: nasaba ya damu au dai la uenyeji?

Jina la Shirazi huandamana na jina la Hafez, mshairi wa Uajemi wa karne ya 14, na huandamana pia na majina ya wanazuoni wa Kishia walioishi Iraq, ya koo za Bara Hindi, na ya watu wa Tumbatu, Makunduchi, Kilwa na visiwa vya Komoro. Kwa muundo wake ni nisba, yaani jina linalomtaja mtu kwa mji wake, kama al-Barawi lilivyo la mtu wa Barawa. Nisba humfaa zaidi aliye mbali na kwao. Mirza Shirazi, mwanazuoni aliyeharamisha tumbaku ya Iran mwaka 1891, alizaliwa Shiraz, mji wa Iran (Uajemi), lakini alikuwa akiishi Samarra, Iraq, na huko ndiko jina la Shirazi lilikomtambulisha. Kwake yeye jina halina utata wowote. Utata uko kwetu pwani, ambako jina hilo limebebwa kwa karne nyingi na watu ambao wao na babu zao hawakupata kuiona Shiraz.

Wanaoshika upande wa nasaba wana hoja zenye uzito. Habari za Kilwa, ambazo Mreno João de Barros alizichapisha mwaka 1552, zinasimulia kuja kwa mwana wa mfalme wa Shiraz, na masimulizi ya wenyeji yanaongeza kuwa mgeni huyo alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Sherehe ya Mwaka wa Kogwa huko Makunduchi hufuata hesabu ya Nauruzi, mwaka mpya wa Waajemi. Kisha, mwaka 2023, jarida la Nature lilitoa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani ya kati ya mwaka 1250 na 1800. Ilionekana kuwa uchanganyikaji wa Waafrika na watu wa Asia ulianza karibu mwaka 1000, na kwamba asilimia 80 hadi 90 ya asili hiyo ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi.

Upande wa pili, unaoona Washirazi kuwa hasa Waafrika wa pwani, haupaswi kunyamazishwa na takwimu hizo. Uchunguzi huohuo ulionyesha kuwa wengi wa watu hao wa pwani walipata zaidi ya nusu ya vinasaba vyao kutoka Afrika, hasa kwa mama zao, na lugha waliyoirithi ni ya Kibantu katika sarufi na uti wake wote. Tena makaburi yaliyochunguzwa yalikuwa kwa sehemu kubwa ya waungwana, kwa hiyo hayawezi kusema kwa niaba ya mkulima na mvuvi. Jambo jingine ni kwamba Shiraz iko bara, mbali na maji. Bandari ya Waajemi iliyofanya biashara na pwani yetu ilikuwa Siraf, na mabaharia wake walikuwa na sababu nzuri ya kujitaja kwa mji mkuu wa jimbo, uliojulikana kila mahali. Hata maneno kama nahodha na bandari, ambayo hutajwa mara nyingi kuwa ushahidi, yalisafiri na majahazi ya Bahari ya Hindi nzima, na hayathibitishi kuwa aliyeyaleta alilowea hapa.

Mimi naona pande zote mbili zinaliuliza jina swali lisilo lake. Zinauliza damu ilitoka wapi, ilhali pwani jina hili lilifanya kazi ya kueleza nani alitangulia. Visiwani Unguja na Pemba, Mshirazi alikuwa Mhadimu, Mtumbatu au Mpemba, yaani mtu aliyekuwapo kabla ya utawala wa Waarabu wa Oman na kabla ya waliokuja kutoka bara, kwa hiari au kwa utumwa. Jina la mji wa mbali likawa jina la mwenyeji! Hata kisa cha nguo, kikisomwa vizuri, kinahusu haki ya ardhi: kinaeleza jinsi mgeni alivyoipata kihalali mbele ya aliyekuwa na mamlaka nayo, na katika masimulizi ya Kilwa mgeni huyo anamwoa binti wa mwenyeji, hivyo watoto wanakuwa na haki kwa pande zote mbili.

Maana hiyo ndiyo iliyotumika katika siasa. Februari 1957 jumuiya ya Waafrika na jumuiya ya Washirazi ziliungana chini ya Abeid Amani Karume, na muungano huo ukazaa chama cha Afro-Shirazi. Kistari kile katikati ya maneno mawili kilikiri kwamba yalikuwa makundi mawili, na mwaka 1959 baadhi ya viongozi wa Kishirazi walijitenga na kuunda chama cha ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party), kikiongozwa na Muhammad Shamte wa Pemba. Lililowagawa wananchi wale halikuwa Iran. Walibishana juu ya nani ana haki ya kurithi visiwa baada ya Mwingereza kuondoka, na kila upande ulijua kwamba neno Shirazi ni hati ya madai katika shauri hilo.