Dola Milioni Nne kwa Gitaa Lililotobolewa

Juni 2019, kampuni ya mnada ya Christie's iliuza jijini New York gitaa jeusi la Fender Stratocaster la mwaka 1969, mali ya David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Pink Floyd. Walikuwa wamelikadiria dola 100,000 hadi 150,000. Likaondoka kwa dola 3,975,000. Mwaka uliofuata gitaa la Martin alilolipiga Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, kwenye onyesho la MTV mwaka 1993 likavuka dola milioni 6, na 2022 Fender Mustang lake likauzwa dola milioni 4.55.

Wapo wanaosema huu ni wazimu wa watu wasiojua pa kuweka fedha, na hoja yao ina uzito. Stratocaster ni bidhaa ya kiwandani: mbao, waya, sumaku chache, na shingo iliyofungwa kwa skrubu. Hilo la Gilmour ndilo limechokonolewa kupita kiasi. Alilinunua dukani New York mwaka 1970, na tangu hapo limebadilishwa shingo mara kadhaa, limebadilishwa pikapu zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, na mwilini lilitobolewa tundu la soketi lililozibwa baadaye. Kwa miaka kadhaa lilitundikwa kama pambo katika mgahawa wa Hard Rock Cafe wa Dallas, likarudi limeharibika. Gitaa la mtu wa kawaida likiwa na historia hiyo, mnunuzi anakata bei bila huruma. Kupakwa rangi upya peke yake kunaweza kumeza karibu nusu ya thamani. Hapa kila kovu lilikuwa faida.

Lakini ukisikiliza upande wa pili, makovu ndiyo bidhaa yenyewe. Gitaa la mwanamuziki wa Uingereza Eric Clapton liitwalo Blackie, aliloliunda kwa vipande vya Stratocaster tatu, lina alama za kuungua kichwani, pale alipokuwa akichomeka sigara huku anapiga. Alama kama hizo, pamoja na michirizi ya mbao, hulinganishwa na picha za zamani, na ndizo zinazothibitisha kwamba gitaa ni lilelile. Blackie liliuzwa dola 959,500 mwaka 2004. Miaka miwili baadaye zikatengenezwa nakala 275, kila moja dola 24,000, na hata kuungua kukaigwa. Zikaisha haraka. Ajuaye sababu ya mtu kulipia alama ya moto wa sigara wa kuigiza, anieleze.

Watetezi wanaongeza kwamba fedha hizi haziishii mifukoni daima. Clapton aliuza kwa ajili ya kituo chake cha kutibu waraibu kisiwani Antigua. Gilmour alitoa mapato yote ya mnada wake, zaidi ya dola milioni 21, kwa ClientEarth, shirika la wanasheria wa mazingira. Hilo ni jambo jema, ila linasifu aliyeuza. Halituambii kama bei ni halali.

Mimi sioni aliyeumia tajiri mmoja anapolipa mamilioni kwa gitaa moja. Gitaa la namna hiyo lipo moja tu, na hata likifungiwa kabatini, muziki lililorekodi bado tunao. Madhara yanakuja jina kubwa linapoambukiza magitaa yasiyo na jina. Chukua magitaa ya Les Paul ya rangi ya machweo ambayo kampuni ya Gibson ilitengeneza kati ya 1958 na 1960. Hayakuuzika vizuri, kampuni ikabadilisha umbo kabisa mwaka 1961. Kisha Clapton akaipiga moja kwenye albamu aliyorekodi na mwanabluzi John Mayall mwaka 1966, na wengine wakafuata. Leo Les Paul ya 1959, hata kama haikuwahi kuguswa na mtu maarufu, inauzwa mamia ya maelfu ya dola, na mcharaza gitaa anayeishi kwa kazi hiyo hawezi hata kuiota.

Si kwamba zote zimelala. Les Paul iliyokuwa ya mpiga gitaa Peter Green, kisha ya mwenzake Gary Moore, iko kwa Kirk Hammett wa bendi ya Metallica tangu 2014, na anapanda nayo jukwaani mbele ya maelfu. Ila Hammett naye ni milionea, na hapo ndipo hoja ya watetezi inaponiishia: gitaa linaendelea kupigwa, mradi mpigaji awe tayari ni tajiri.