Jina la Bingwa, Mwili wa Mfuasi

Naitwa Mohamed Ali. Haya, malizeni kwanza: ngumi, Foreman, Kinshasa 1974, raundi ya nane, na yule anayeruka ruka akijifanya anakwepa. Mmemaliza? Asanteni.

Maana mimi sina geti ninalopita nchi hii bila mlinzi kusoma kitambulisho akanikunjia ngumi. Nesi akishika sindano: "Bingwa, na wewe unaogopa?" Bingwa wa wapi, dada, mimi gunia la mkaa tu linanishinda. Na hapohapo zahanati wakiita "Mohamed Ali!" tunasimama nusu ya benchi, pamoja na katoto kenye kifaduro. Dawa yake nusura niinywe mimi.

Ila utani wenyewe siuchukii. Kinachoniuma ni kwamba katika akina Mohamed Ali wote waliopita duniani mmemshika mmoja tu, tena wa kupigana. Yuko Muhammad Ali Pasha, mzaliwa wa Kavala, aliyeishika Misri tangu 1805. Mwaka 1811 aliwaalika wakubwa wa Mamluki, wale askari waliokuwa wameitawala Misri kabla yake, shereheni ngomeni Cairo, na wakati wa kuondoka geti likafungwa, wakauawa. Huyo, mlinzi wa geti angemletea utani? Yuko Muhammad Ali Jinnah, wakili mzaliwa wa Karachi, mwembamba kuliko hata mimi, na 1947 aliibuka na Pakistan nzima. Nchi! Mimi jina lilelile, hati ya kiwanja cha ishirini kwa ishirini naambiwa njoo wiki ijayo. Yuko pia Mohammad Ali Shah wa Iran, aliyelipiga bunge mizinga 1908, mwaka uliofuata wakamng'oa. Huyo sijidai naye, namtaja tu ili hesabu ikamilike.

Halafu bondia wenu jina alijichukulia mwenyewe, mwaka 1964, mtu mzima na akili zake. Mimi nilibandikwa nikiwa nimeviringishwa kwenye khanga, sikuulizwa. Na alilolitupa nalo lilikuwa la mtu mzito! Cassius Marcellus Clay wa kwanza alikuwa Mzungu wa Kentucky, mpinga utumwa, mwenye gazeti ambalo ofisini kwake alitega mizinga kuwasubiri waliotaka kuja kulifunga. Yaani kuna watu wana majina ya akiba. Mimi hili likinishinda, nabaki na "wewe mzee hapo nyuma".

Hata hivyo, siku moja tu namhurumia. Mwaka 1980 Rais Carter alimtuma hapa Dar es Salaam, atushawishi tusiende Olimpiki ya Moscow kwa sababu Warusi wameingia Afghanistan. Bingwa wa dunia mara tatu, kapanda ndege, kafika, na Mwalimu hakumpokea. Basi mimi nikikaa nje ya ofisi toka asubuhi, afisa "yuko kikaoni", huwa nasema moyoni: kumbe ni la jina. Lingekuwa la mwili yule angepita.

Na heri hatukumsikiliza. Moscow tulienda, Filbert Bayi akarudi na medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui ya fedha vilevile, mita 5,000. Mpaka leo hatujaongeza nyingine ya Olimpiki.

Sasa mwanangu kapata mtoto wa kiume, na ukoo mzima umekaa kikao bila mimi, umeamua aitwe la babu. Nikakataa katakata. Nikawaambia mwiteni Suleiman, kama Nyambui, angalau huyo mtoto afundishwe kukimbia, maana kwa foleni za nchi hii anayewahi ndiye anayehudumiwa. Wakanyamaza wote. Mkwe wangu, mtoto wa watu mwenye adabu zake, akainamisha kichwa:

"Sawa baba, sisi tumekubali. Huyo Nyambui naye alikuwa anapigania uzito gani?"